Toba Niliyomwandikia Baba

Fundi Elia amezikwa Bonga Jumapili iliyopita, na mimi sikwenda. Nilijiandaa. Nilipiga shati pasi, nikapaka viatu rangi, nikakaa kwenye kiti cha mlangoni nikimsubiri kijana wa bajaji, na kijana alipofika nikamwambia tumbo limenikamata. Tumbo halikuwa na neno lolote. Kutoka hapa kwangu Nangara mpaka Bonga bajaji inafika kabla dereva hajamaliza kukusimulia habari za mke wake, lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani wanasema hata siku ya mwisho malaika watalazimika kunipigia hodi. Jina langu ni Safari, kwa hiyo mzaha mwingine wameshaufanya wote tangu nikiwa mdogo, na sina nguvu ya kuurudia. Kwa kawaida nacheka nao. Wiki hii sicheki. Fundi Elia alikuwa mtu wa mwisho aliyebaki hai kati ya wale niliopaswa kuwaambia jambo moja, nalo ni hili: baba yangu hakumkana. Ile barua iliyosomwa kanisani, iliyosema kwamba baba anatubu kukaa na Fundi Elia na Mzee Idi na kusikiliza mafundisho yao, haikuwa ya baba. Niliiandika mimi. Fundi amekwenda bila kujua, na miaka yote hiyo alikuwa Bonga, siyo Ulaya.

Mwaka wenyewe ni ule mkoa wetu ulipokuwa mpya. Tulilala watu wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara, na Babati, ambayo tuliizoea kama mahali basi linaposimama abiria wanunue mahindi ya kuchoma, ikaambiwa kuwa sasa ni makao makuu. Wageni wakamiminika: makarani, wapimaji wa viwanja, wafanyabiashara kutoka Moshi na Singida, na kila mwenye nyumba akaikata sebule yake katikati kwa ukuta wa tofali ili apangishe. Watu walisema kazi zitakuwa nyingi kuliko watu. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye divisheni ambayo adabu hainiruhusu kuitaja, nikaamua kuzisubiri kazi hizo nyumbani, kwa imani kwamba mkoa mzima hauwezi kuja mpaka mlangoni kwetu halafu upite bila kubisha. Ulipita. Kazi pekee niliyoipata mwaka ule ilikuwa ya kumsomea baba. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Herufi zilikuwa zimemuaga zamani. Kila asubuhi baada ya uji nilikuwa nakaa kwenye stuli karibu na goti lake, nafungua Biblia yake yenye jalada lililofungwa kwa utepe wa mpira, na yeye anasema maneno yaleyale: "Soma kama ilivyo, Safari. Usinisaidie."

Baba alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi kabla macho hayajamstaafisha, na kanisa lenyewe jina lake naliacha, maana waumini wake bado ndio watakaonizika mimi nikifa. Lakini kabla ya hapo, na nje ya hapo, alikuwa mtu wa kuitwa kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kutoka Nakwa mpaka kule Dareda, ndugu wawili wakishikiana majembe juu ya hatua tatu za udongo, aliitwa yeye. Na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuwahi kuuvunja: kabla hujampinga mwenzako, sharti kwanza useme alichokisema, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho. Akikataa, unarudia. Nimewaona wanaume wazima wakitoka jasho kwa kurudia maneno ya adui yao. Wengi wakifika kwenye "ndivyo" ya pili au ya tatu walikuwa wamesahau hasira, au wamechoka tu. Uzeeni mashamba yalipokwisha kumhitaji, akauleta utaratibu uleule sebuleni kwetu na kuuweka juu ya Maandiko.

Ilianza na Fundi Elia, Msabato, fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza chake pale sokoni, aliyeleta suruali ya baba siku ya Jumapili mchana na kuuliza kwa utani kwa nini watu wazima wanapumzika siku isiyokuwa yenyewe. Mtu mwingine angemwonyesha mlango. Baba alimwonyesha kiti. Wiki ya pili akaja Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa, muuza mbegu na majembe, aliyekuja kuangalia maharage yetu akakuta mabishano yameiva, akakaa kidogo asikilize, na hakuondoka mpaka jua lilipoinama. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada viti vitatu vilitolewa ukutani, vile vyenye vitambaa vya kufuma vya mama, na mimi na stuli yangu katikati. Mama alilalamika, lakini kwa namna ya mtu anayependa kulalamikia jambo hilohilo. Kuku ilibidi amsubiri Mzee Idi amchinje, la sivyo Mzee Idi hali. Fundi Elia hanywi chai, kwa hiyo achemshiwe mchaichai. Baba hatakiwi chumvi. "Nyumba hii imekuwa wodi," mama alisema akipita na sufuria. "Kila mgonjwa na chakula chake." Na Mzee Idi akiwa uani ananawa kisu alimjibu, "Mama Ester, mgonjwa asiye na masharti huyo hapo kwenye stuli. Huyo anakula hadi vyetu." Ester ni dada yangu aliyeolewa. Hata kumpatia mama yangu jina la kuitwa sikubahatika.

Naikumbuka Jumapili moja kuliko nyingine. Tulisoma habari ya Ibrahimu kumpeleka mwanawe mlimani. Nilisoma kama ilivyo, bila kusaidia, mpaka pale kijana anapouliza kondoo wa sadaka yuko wapi na baba yake anamjibu kwa kuzunguka. Mzee Idi akatikisa kichwa. "Kwetu hakuzunguka," akasema. "Kwetu mzee alimwambia kijana wazi, ndoto niliyoota ni hii, na wewe unaionaje. Kijana akakubali mwenyewe." Baba akageuza uso kuelekea sauti ilipotoka. "Yaani kijana aliulizwa?" "Aliulizwa." "Na ni yupi, wa Sara au wa Hajiri?" "Kwetu ni wa Hajiri." Fundi Elia akajiweka sawa kwenye kiti. "Hapo sasa ndipo mnapopotea," akaanza, na baba akainua kidole. "Elia. Kwanza sema alichosema mwenzako." Fundi akashusha pumzi. "Amesema kijana ni Ismaili." "Siyo hilo tu," alisema Mzee Idi. "Amesema kijana ni Ismaili, aliambiwa mapema, akaulizwa, akakubali," Fundi akarudia. "Ndivyo." "Haya," alisema baba, "sasa pinga." Fundi Elia alipinga kwa muda mrefu, kwa vifungu vitatu na mkono hewani, mpaka Mzee Idi akasema, "Fundi, wewe unapinga kama unavyoshona. Mshono mrefu, uzi haushiki." "Na hiyo suruali uliyovaa imeshonwa na nani?" "Ndiyo maana nimekaa kwa uangalifu." Walicheka wote watatu, na baba alicheka mpaka akajifuta yale macho yasiyoona. Kisha akaniambia nichukue penseli. Siku zote ilikuwa penseli, kwa sababu, alisema, mtu anaweza kurudi wiki ijayo na maneno mengine. "Andika hapo pembeni: kwa akina Idi, kijana aliulizwa." Kisha akasema, "Mimi nimeisoma habari hii tangu nina meno yote. Sikuwahi kugundua kwamba huyu wetu hakuulizwa."

Ningependa kusema kwamba nilikuwa nasikiliza kwa moyo. Nilikuwa nasikilizia kuku. Nilikuwa na miaka ishirini, nina njaa ya mtu asiyefanya kazi, na wazee watatu waliokuwa wakirushiana manabii kama watoto wanaorushiana magunzi walionekana kwangu kama watu waliokosa redio nzuri. Leo, nikiwa nimekaa sebule ileile iliyokwisha kukatwa ukuta katikati, upande wa pili anaishi mpangaji anayefungua televisheni ya mahubiri kuanzia asubuhi, mhubiri mmoja anayepiga kelele peke yake na hakuna wa kumwambia arudie alichosema mwenzake, ndipo najua nilikuwa nimekaa wapi.

Habari hazikukawia kufika kanisani. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeanza, walikuja wazee wanne wakiongozwa na Mzee Lazaro, ambaye yeye na baba walipata kipaimara siku moja na waliitana kwa majina ya utoto. Walikunywa chai yote kwanza. Kisha Mzee Lazaro akasema kwa upole kwamba waumini wanakwazika. Mzee wa kanisa, hata kama amestaafu, anakaa na Mwislamu na Msabato siku ya Bwana na kusema kila mmoja yuko sahihi. "Sijasema kila mmoja yuko sahihi," alisema baba. "Nimesema sijamaliza kusikiliza." "Utamaliza lini?" "Nikifa, nadhani." "Ndugu yangu, hilo ndilo tunaloliogopa." Mzee Lazaro hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilitetemeka kweli. Akasema baraza limeamua: asipoacha na kutubu, atatengwa. Baba akamwuliza kama anaweza kurudia alichokisema baba dakika ile, mpaka baba akubali. Mzee Lazaro akasema hakuja kuchezeshwa. Baba akamwambia, bila hasira yoyote, "Basi na wewe una haki ya kuona hivyo," na mimi nikiwa mlangoni nilitamani apige meza, atukane, afanye kitu ambacho mtu wa kawaida angekielewa.

Kwetu, kutengwa hakuna kelele. Jina lako linasomwa mara moja, na baada ya hapo meza ya Bwana inakupita, sadaka yako haipokelewi, na ukifa ile rimu ya lori inayogongwa kama kengele haigongwi, mchungaji haji, kwaya haiji. Ndugu zako wanakufukia na maneno yao wenyewe. Jina la baba lilisomwa, naye aliyachukua yote kama hali ya hewa. Mama hakuweza. Siku ya sikukuu ya mavuno alijitwisha sinia la mahindi bora aliyoyachagua punje kwa punje, akaingia nalo kwenye mstari wa matoleo pamoja na wanawake wenzake, na mlangoni mzee mmoja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba matoleo ya nyumba yake yasubiri. Alirudi nalo kichwani njia nzima, wenzake wakiimba ndani. Baba aliposikia sinia likitua uani akasema, "Mahindi hayana dhambi, yataliwa na kuku." Ulikuwa utani wake wa siku zote. Jikoni kwetu kulipakana na chumba changu, na mchana ule, nikiwa nimejilaza kama ilivyokuwa kazi yangu, nilimsikia mama akimwambia jirani: "Mimi sidai aache kuongea na watu wake. Lakini atazikwa na nani? Miaka arobaini nimeimba kwenye mazishi ya watu. Wa kwangu nitamwimbia peke yangu?" Jirani akasema Mungu yupo. Mama akasema, "Yupo, lakini ufunguo wa kengele anao Lazaro." Kisha nikasikia analia, na mama yangu hakuwa mtu wa kulia jikoni, kulia kwake kulikuwa kanisani, penye wenzake.

Wiki hiyohiyo Mzee Lazaro alinikuta getini. "Wewe si umesoma?" akasema. "Mshauri mzee. Sitaki asimame mbele aaibike. Aandike barua tu, mistari mitano, aweke sahihi, mimi naisoma, yamekwisha." Nadhani alimaanisha nikamwambie baba. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kazi, hatimaye, inayoweza kufanywa bila kutoka nyumbani. Nilikaa mezani mchana kutwa. Mistari mitano ikawa ukurasa mzima, maana nilikuwa na Kiswahili kizuri ambacho hakijapata pa kwenda tangu mtihani. Niliandika "kwa unyenyekevu mkubwa" na "nikiwa na akili zangu timamu." Hakuna aliyeniomba majina. Lakini mwalimu wetu alitufundisha kwamba hoja isiyo na mifano ni dhaifu, kwa hiyo nikaandika kwamba nilipotoshwa na Elia fundi cherehani na Idi muuza mbegu, ambao sasa nimeyatambua mafundisho yao kuwa ni ya uongo, na kwamba sitawapokea tena nyumbani kwangu. Niliisoma mara mbili nikaona ni nzuri. Katika maisha yangu sijaandika insha nyingine iliyofanya kazi vizuri kama ile.

Baba alikuwa barazani anapukuchua mahindi kwa vidole. Wapimaji walikuwa wakipita Nangara kila wiki mwaka ule na kila wiki kulikuwa na karatasi ya kusaini, kwa hiyo sikuhitaji ubunifu. "Ni ya nini?" akauliza. "Ya kiwanja, baba." "Ile ya juzi haikutosha?" "Wamebadilisha." "Mkoa mpya, karatasi mpya," akasema, akajifuta mikono kwenye suruali. "Isome basi." Nikasimama pale na toba yake mkononi, nikasoma kwa sauti fomu ya kiwanja ambayo haikuwepo: mimi niliyetajwa hapo juu, mkazi wa Nangara, naomba kupimiwa eneo langu, na kadhalika. Nilisoma vizuri, na mahali pa nukta nikapumua. Kisha nikakishika kidole chake cha shahada nikakiweka juu ya mstari, naye akaandika jina lake polepole, kwa ule mkono uliowahi kuaminiwa na nusu ya wilaya, na akaniuliza kama halijapinda.

Jumapili iliyofuata tulimpeleka ibadani kama kawaida, maana aliyetengwa anaruhusiwa kukaa nyuma. Mzee Lazaro akasimama baada ya matangazo, akasema kuna barua ya furaha, akaanza kusoma. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na baba. Kwenye mstari wa tatu aliinamisha kichwa upande wangu, akaninong'oneza, kwa sauti ya kutaka kujua tu, "Ndiyo ile ya kiwanja?" Mzee Lazaro akaendelea hadi kwenye majina, na nilihisi bega la baba likiwa gumu kama ubao wa benchi. Angeweza kukataa. Neno moja lingetosha. Kila mtu pale alijua kwamba mzee yule hasemi uongo. Ndipo kutoka upande wa wanawake mama akapiga kigelegele. Kilikuwa kimoja, kifupi, kikakatika kwa kwikwi. Baba alikaa akikisikiliza hata kilipokwisha. Kisha akaniwekea mkono begani akasema, "Nipeleke mbele." Nikampeleka, wakamwekea mikono, kwaya ikasimama, na njia nzima ya kurudi nyumbani mama alimshika mkono hadharani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Baba Ester amenifikiria," aliwaambia majirani wote wa mtaa. "Kwa umri huu, amenifikiria."

Mama alipoingia jikoni, baba aliniita nikae kwenye stuli. Nilijiandaa kwa fimbo, au kwa laana. "Uliniambia ni karatasi ya kiwanja," alisema. "Ndivyo?" "Ndivyo, baba." "Ukanisomea maneno yasiyokuwepo." "Ndivyo." "Uliogopa nitazikwa bila kengele, na mama yako aaibike." "Ndivyo." "Majina ya Elia na Idi, kuna mtu alikuambia uyaweke?" "Hapana. Niliweka mwenyewe, ili barua iwe na nguvu." "Ili iwe na nguvu. Ndivyo?" "Ndivyo." Aliitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akiitikia mashambani, mtu mmoja akishamaliza na sasa ni zamu ya mwingine. Nikasubiri. Hakuna kilichofuata. Nikamwambia, "Na wewe baba, sema. Nitarudia." Akasema, "Mimi nimeshasema. Imesomwa kanisani." Hayo ndiyo yote aliyonipa. Nimewahi kusikia watu wakisimulia jinsi wazazi wao walivyowapiga wakatoka damu, na nimewaonea wivu.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Siku mbili baadaye aliniambia niende sokoni kwa Elia na kwa Idi, nisitoe maelezo yoyote ya kumwaibisha mama, niwaambie tu waje Jumapili kama kawaida, mengine watamalizana wenyewe. Miguu yake ilikuwa imevimba, asingeweza kwenda. Nilikwenda. Nilifika mpaka karibu na stendi, nikamwona Fundi Elia kibarazani kwake, futi ya kupimia ikiwa shingoni, ameinamia cherehani lakini gurudumu halizunguki. Mkono ulikuwa juu ya kitambaa, basi. Nikageuka. Nyumbani nikasema nimewakuta, wamesema watakuja. Jumapili baba akaamuru viti vitolewe na kuku afungwe mguu amsubiri mchinjaji. Hawakuja, na wangekujaje. Jumapili ya pili nikatumwa tena, sikutoka hata nje ya Nangara, nikasema wamesema watakuja. Kuku alifungwa, akafunguliwa, akafungwa, mpaka akataga mayai palepale kwenye kamba na mama akacheka. Jumapili ya tatu baba alikaa kati ya viti viwili vitupu mpaka chai ikapoa, halafu akaniambia nivirudishe ukutani. "Kila mtu ameisoma barua ile kwa namna yake," alisema. "Mama yako ameisoma kwa namna yake, Lazaro yake, na wao yao. Nitamzuia nani?" Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba andiko moja linaweza kubeba wasomaji wengi, na sasa mimi nilikuwa nimempa andiko, na imani ile ikamkalia kifuani.

Kifua ndicho kilichomchukua, mwezi wa tisa. Alizikwa kama mama alivyotaka. Rimu iligongwa mpaka ikasikika Nakwa, wachungaji wawili, kwaya mbili. Mzee Idi na Fundi Elia walikuja, wakakaa kwenye benchi la majirani, mbali, wakashika majembe ilipofika zamu ya kufukia. Historia ya marehemu niliisoma mimi, niliyesoma. Mzee Lazaro alikuwa ameomba itajwe kwamba marehemu alitubu na kurejea, nami nikaitaja, huku wao wawili wamesimama na udongo kwenye viatu. Mzee Idi alinipa mkono akaniambia Mungu atutie nguvu, na miezi michache baadaye akarudi Kondoa, na huko akafa.

Fundi Elia alikuja nyumbani mara moja tu tena, mwishoni mwa mwaka. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye gunia, mimi nimekaa kwenye kivuli cha ukuta bila kazi. Aliegesha baiskeli, akatoa koti kwenye mfuko. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba. Mama Ester, mzee aliniletea hili nibadilishe bitana, kabla ya mambo yale. Nikawa namsubiri aje alichukue." Mama akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka mapajani juu ya maharage. Fundi hakuondoka. Alinitazama mimi, na alikuwa na uso wa mtu aliyelizungusha swali kinywani njia nzima. "Safari, wewe ndiye uliyekuwa unamsomea na kumwandikia. Maneno yale ya barua, yalikuwa yake?"

Mkono wa mama ulisimama kwenye koti. Sikumtazama, lakini nilijua anatazama chini, na kwamba katika mwaka ule mzima kitu kimoja tu kilichomshikilia ni kwamba mume wake, kwa hiari yake, alimfikiria. Nilikuwa na muda wa kutosha. Hakuna aliyeniharakisha. "Yalikuwa yake, Fundi," nikasema.

"Na jina langu alilitaja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. "Basi," alisema. "Mimi nilidhani labda wamemlazimisha. Kumbe tulikuwa tunamuumiza, na yeye kwa adabu yake akatuvumilia. Ningejua ningeacha kuja mapema." Akamuaga mama, akanipa mkono na mimi, akaisukuma baiskeli mpaka barabara ya Dodoma, na hakuipanda, niliendelea kumwona akiisukuma mpaka alipopotea.